Ng'ombe wa maziwa aliyewahi kuchechemea: auzwe bei gani, na aende kwa nani?

Mfugaji wa Mtwara mjini au Lindi anapoamua kumtoa ng'ombe wa maziwa aliyepona mguu, hukutana na kauli mbili. Dalali atamwambia: amepona, anatembea, ana mimba, muuze kwa bei ya wenzake, kwani ni nani asiyewahi kuugua? Mwenye bucha, na mara nyingi bwana mifugo pia, atasema mguu uliouma utauma tena, kwa hiyo apelekwe machinjioni asije akamtesa mwingine. Kila upande una ukweli wake. Lakini wote wanamtazama ng'ombe bila kuuliza anakokwenda, wakati bei ya mnyama wa namna hii haipangiki mpaka ijulikane atasimama juu ya nini kila siku.

Kwanza mguu wenyewe, maana si kila kuchechemea ni kumoja. Kuna kuoza kwato: mguu unavimba ghafla juu ya kwato, pande zote mbili sawa, ngozi ya katikati inapasuka na kutoa harufu kali. Hiyo ni kazi ya bakteria walioingia kwenye mchubuko, hasa wakati wa matope. Ikiwahiwa kwa antibiotiki, mnyama hutembea vizuri ndani ya siku chache na mara nyingi hakuna kasoro inayobaki. Ng'ombe aliyepatwa na hilo mara moja hastahili kushushwa bei, na anayemshusha anamwonea muuzaji.

Kidonda cha wayo ni habari nyingine. Hutokea chini ya ukwato, karibu na kisigino, na mara nyingi, kati ya kwato mbili za mguu, ni ukwato wa nje wa mguu wa nyuma. Mfupa ulio ndani ya ukwato hukandamiza nyama hai mpaka sehemu inayootesha wayo inaharibika. Chanzo huwa ni mchanganyiko wa mambo: kusimama muda mrefu kwenye sakafu ya zege, kwato zilizorefuka hadi uzito ukaegemea kisigino, na mwili kukonda baada ya kuzaa hata mto wa mafuta ulio chini ya mfupa ukapungua. Pumba nyingi kwa mkupuo mmoja huongeza tatizo, kwa sababu tumbo huchachuka na kwato hudhoofika. Kidonda kikikaa muda mrefu, mfupa huota vinundu palepale. Ndiyo maana jeraha huonekana limefunga, na msimu unaofuata likafumuka mahali pale pale. Mnunuzi anayejua kazi yake huuliza mambo matatu tu: mguu gani, ukwato gani, mara ngapi? Miguu miwili tofauti mara mojamoja ni afadhali kuliko ukwato mmoja mara tatu.

Hapa ndipo hoja ya dalali inapoyumba. Ng'ombe huuzika vizuri zaidi akiwa na mimba kubwa, lakini huo ndio wakati ambao mguu hausemi lolote. Vidonda vya wayo hujitokeza zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne baada ya kuzaa. Kwa hiyo ng'ombe anayetembea wima akiwa na mimba ya miezi saba hajathibitisha kitu. Muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa na bado mnunuzi akaumia.

Ukaguzi wenyewe ufanyike kwenye ardhi ngumu, si kwenye mchanga wala nyasi, kwa sababu ardhi laini huficha maumivu. Mtembeze hatua kama ishirini ukimtazama kwa ubavuni. Mgongo ukiwa umenyooka akisimama na akitembea, vizuri. Ukinyooka akisimama na kupinda akitembea, tayari kuna kitu. Ukipinda hata akiwa amesimama, mguu unauma leo. Halafu simama nyuma yake: kifundo kikubwa kuliko cha upande wa pili, au ukwato mmoja mpana kuliko mwenzake, ni alama ya maradhi ya zamani. Mwisho mguu ufungwe na kuinuliwa, wayo usafishwe na kuminywa kwa kidole gumba. Ukibonyea, ni mwembamba mno na haufai kukatwa tena. Rudi siku nyingine, baada ya wiki moja hivi, bila kutoa taarifa. Sindano ya kutuliza maumivu humfanya ng'ombe atembee kama mzima kwa siku mbili tatu, na wapo wanaoichoma asubuhi ya kupokea mteja. Dawa mojawapo inayotumiwa hivyo, deksamethasoni, inaweza hata kuharibu mimba unayoilipia.

Sasa hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, kila mmoja aweke za soko lake la siku hiyo. Chini kabisa ya bei ni thamani ya nyama. Ng'ombe chotara wa kilo 350 akiwa hai hutoa karibu nusu ya uzito huo, tuseme kilo 170. Kama bucha inanunua kilo kwa shilingi 6,000, hiyo ni 1,020,000. Juu kabisa ni bei ya ng'ombe wa umri na maziwa yaleyale ambaye hajawahi kuugua mguu, tuseme 2,000,000. Mazungumzo yote yako katikati ya namba hizo.

Kuchechemea mara moja kunagharimu kiasi gani? Maziwa yakipungua lita 2 kwa siku kwa siku 45, kwa shilingi 1,500 lita, ni 135,000. Kukata kwato na kubandika kipande cha mbao chini ya ukwato usioumwa wa mguu huohuo, ili ule mgonjwa upumzike wiki nne hadi sita, tuseme 60,000. Kinachosahaulika ni joto, yaani siku ambazo ng'ombe huwa tayari kupandwa. Ng'ombe mwenye maumivu hapandi wenzake, hivyo mwenye banda haoni dalili. Akikosa joto mara mbili ni siku 42 za kuchelewa kushika mimba, na kwa hasara ya 3,000 kwa siku hiyo ni 126,000. Jumla 321,000. Mnunuzi mwenye banda la zege anayetarajia kumkamua kwa mizao mitatu, na akijua mnyama amekuwa akiugua mara moja kila uzao, akate 963,000. Bei inaanguka hadi 1,037,000, yaani kando kabisa ya bei ya bucha. Kwenye zege, basi, mwenye bucha ana haki.

Mpeleke ng'ombe huyohuyo kwenye boma lenye mchanga, kama ilivyo sehemu kubwa ya uwanda wa Makonde kuanzia Tandahimba hadi Newala, na mahali pakavu pa kulala. Kuugua kukipungua kwa nusu, kinachokatwa ni kama 480,000 na bei inasimama karibu na 1,520,000. Ni mnyama yuleyule na historia ileile. Tofauti ya karibu nusu milioni imetoka kwenye ardhi.

Lakini mchanga nao una masharti, na wengi huyaruka. Mchanga hausagi kwato kama zege inavyofanya. Ukwato hurefuka karibu milimita 5 kwa mwezi, kwa hiyo anayefuga kwenye mchanga asipokata kila miezi minne hadi sita atarudisha tatizo kwa mlango mwingine. Kwa ng'ombe wa asili ya Friesian, sehemu ya mbele ya ukwato ibaki na urefu wa kama sentimita 7.5 kutoka manyoya yanapoishia, na kisigino kiguswe kidogo sana. Pia kuna maji. Ng'ombe anayekamuliwa kwenye joto la kusini anahitaji madumu matatu hadi manne ya lita 20 kila siku, na juu ya uwanda maji ndiyo mali adimu. Kama ni yeye atakayetembezwa bondeni kunywa, faida ya mchanga imeisha njiani. Na boma lililo pembezoni mwa misitu ya Liwale au Nachingwea lenye mbung'o halimfai chotara hata kama mchanga wake ni mlaini kama unga.

Wapo wanaosema kwa moyo mweupe: basi mpunguzie mnunuzi bei sana, umsaidie mwenye kipato kidogo. Nia ni nzuri, matokeo mara nyingi ni mabaya. Bei ikikaribia ya nyama, wa kwanza kufika ni mfanyabiashara wa nyama, hata akijitambulisha kama mfugaji. Wa pili ni anayeanza kufuga, aliyeweza kupata fedha za kununua lakini si za kumtunza. Kijana aliyelipwa korosho mwezi wa Desemba anaweza kumlipia ng'ombe siku hiyohiyo. Swali ni atakuwa na nini mwezi Mei, ng'ombe amezaa, mguu umeanza kuuma na korosho nyingine iko mbali. Kwa anayeanza kabisa, ng'ombe huyu asiuzwe kwa bei yoyote. Apewe aliyewahi kufuga, anayejua kuinua mguu na kuukagua.

Njia inayowatendea haki pande zote mbili ni kugawa malipo. Katika mfano wetu wa boma la mchanga, tukiikata bei iwe 1,500,000 kamili, mnunuzi atoe 1,100,000 akichukua mnyama, na 400,000 zilizobaki alipe mwishoni mwa mwezi wa nne baada ya kuzaa, ng'ombe akiwa anatembea na mgongo ulionyooka. Akichechemea kwa ukwato uleule uliotajwa, salio linafutwa. Muuzaji amelindwa, kwani tayari amepata zaidi ya bei ya bucha. Mnunuzi naye halipii ahadi. Sharti lake ni kuandika, mbele ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji: namba ya hereni, mguu na ukwato ulioumwa, miezi ulioumwa, dawa zilizotumika, na jina la bwana mifugo atakayeamua kama anachechemea au la. Bila mwamuzi aliyekubaliwa mapema, salio hilo huzaa ugomvi. Kukopeshana ng'ombe kwa makubaliano ya kurudisha mtamba wa kwanza kunafaa pia kati ya ndugu au majirani, ila mnyama mwenye mguu dhaifu anaweza kuzaa madume mawili mfululizo na kuishiwa nguvu kabla deni halijalipwa. Muda wa mwisho uandikwe.

Wakati mwingine machinjio ndiyo jibu la haki, na muuzaji asitafutiwe lawama. Kifundo kilichovimba na kukakamaa, ukwato uleule uliofumuka mara tatu, au mnyama anayelala muda mwingi na kukonda: huyo kumhamisha ni kuhamisha mateso. Ila asipelekwe akiwa na dawa mwilini. Soma lebo ya dawa ya mwisho kuchomwa, kwani oksitetrasaiklini ya muda mrefu mara nyingi huandikiwa siku 28 kabla ya nyama kuliwa. Na asisubiriwe mpaka ashindwe kusimama, maana ng'ombe asiyeweza kupanda gari kwa miguu yake hasafirishiki bila kuumizwa.

Kwa anayehamia boma jipya, chukua kibali cha kusafirisha mifugo, tandika mchanga mzito kwenye sakafu ya gari, na mpe mnunuzi gunia la pumba au mashudu aliyozoea ili abadilishe polepole kwa muda wa wiki mbili. Chakula kikibadilika ghafla, tumbo huchachuka, na kinachofuata huonekana kwenye kwato wiki kadhaa baadaye, wakati pande zote mbili zimeshaanza kulaumiana kuhusu mguu.