Dawa Imegoma, au Haijafika?

Kwa mgonjwa wa saratani ya damu aina ya CML anayemeza imatinib miligramu 400 kwa siku, hatari kubwa ni kuridhika na hesabu ya chembe nyeupe. Zinashuka ndani ya wiki chache, bandama inanywea, kila mtu anamshukuru Mungu. Hesabu hiyo lakini haizioni seli chache zilizobaki, na usugu huanzia humo humo. Cha kufuatilia ni kiwango cha BCR-ABL1, jeni mbovu inayosababisha saratani hii: kisizidi asilimia 10 mwezi wa 3, asilimia 1 mwezi wa 6, na asilimia 0.1 mwaka ukitimia.

Kikigoma kushuka, au kikishuka kisha kikapanda, tusikimbilie kubadili dawa. Vidonge vinamezwa kweli kila siku? Utafiti wa London wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wengi wa waliomeza chini ya asilimia 90 ya dozi zao hawakuifikia ile 0.1. Ruka dozi 3 kwa mwezi, tayari uko mpakani. Wengi huruka kwa sababu ya kichefuchefu, na ndiyo maana imatinib humezwa pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Halafu kuna rifampicin ya kifua kikuu: huchochea ini kuivunja imatinib haraka, mpaka kwenye damu inabaki kama robo tu. Hapo seli hazina usugu wowote, dawa haijazifikia.

Hayo yakiwa sawa, ndipo tutafute mabadiliko ya jeni. Baya zaidi ni T315I, linalobadilisha umbo la protini pale imatinib inaposhika. Nilotinib, dasatinib na bosutinib, dawa nyingine za CML, nazo hugonga mwamba. Hubaki ponatinib au asciminib. Badiliko jingine, F317L, hukwepa dasatinib ilhali nilotinib huimudu, na Y253H ni kinyume chake. Kubadili dawa bila kujua lipi lipo ni kubahatisha, tena kwa vidonge vya bei mbaya.

Tusisingizie umaskini kwa kila kitu. Mashine za GeneXpert tunazopimia makohozi ya kifua kikuu hupima pia BCR-ABL1, ukiweka katriji yake, yaani kikasha kidogo cha kupimia. Katriji hiyo haionyeshi T315I, kwa hiyo sampuli ipelekwe maabara inayosoma mpangilio wa jeni. Damu itolewe mgonjwa akiwa bado anatumia dawa ile ile, kwani akiiacha, seli zisizo sugu huongezeka upya na kuzifunika zile sugu.