Kima wa City Park na Inchi Zangu Mbili

Kamati ya harusi ya Nairobi haikushauri, inakupangia. Rafiki yangu wa tangu utotoni pale Umoja alipotangaza kuoa, nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la watu ambao kazi yao kubwa ilikuwa kunikumbusha mchango. Usiku mmoja katibu akatuma orodha ya wapambe, wanaume huku, wanawake kule, kila mtu na mwenzake. Nikamtafuta mwenzangu. Kwenye picha yake alikuwa amesimama mlangoni, na kati ya kichwa chake na fremu ya juu palikuwa na nafasi ndogo sana.

Mimi ni futi 5 na inchi 4, tena asubuhi. Sitanii: mtu huwa mrefu kidogo akiamka kuliko akienda kulala, maana uzito wa mwili hubana diski za uti wa mgongo kutwa nzima. Tukikutana saa moja jioni nihurumie. Huyo dada, niliambiwa, ni futi 5 na inchi 11. Mkiwa mmeketi kwenye matatu hiyo si shida. Lakini wapambe wa harusi zetu huingia kwenye hema wakicheza, wawili wawili, kamera ikiwarudia nyuma nyuma, na video hiyo ukoo mzima huitazama mpaka bwana harusi apate wajukuu.

Soli za ndani za kuongeza urefu zinauzwa mjini. Zile nilizoonyeshwa zilikuwa za inchi moja, na kwa hesabu yangu inchi moja ilikuwa matusi. Nikaamua kujitengenezea.

Nilianza na sponji ya godoro. Nikakata kipande kinene, nikakitia kiatuni, nikasimama ukutani na kuweka alama kwa penseli. Nilikuwa nimeongeza unene wa penseli. Sponji ni hewa tupu; ukiikanyaga hewa inatoka, na urefu unatoka nayo. Fundi wa viatu wa pale steji akanishauri mpira wa tairi, ule wa kutengenezea akala. Kweli ule haubonyei, ila kila hatua niliyopiga niliisikia kwenye meno.

Jibu lilikuwa bafuni: patipati. Mpira wake ni mwepesi, unabonyea kidogo halafu unarudi. Zangu zilikuwa za manjano juu na nyeupe chini. Nikakata vipande vya ukubwa wa kisigino, nikavipanga tabaka juu ya tabaka, nikavichonga kwa kisu cha jikoni, nikavipiga msasa mpaka vikawa mteremko, nyuma inchi mbili, mbele karibu na bure. Lazima viishie katikati ya wayo, kwa sababu huko mbele kiatu hakina nafasi ya vidole kupanda. Vilipokamilika vilipendeza kama keki iliyokatwa kwa uangalifu, manjano, nyeupe, manjano, nyeupe. Nakuomba uikumbuke hiyo keki.

Kisigino kikipandishwa hivyo, kiatu cha kawaida hakikishiki, unatembea na kiatu kinabaki. Ikabidi niende soko la mitumba la Gikomba kutafuta buti za kufika juu ya kifundo, za saizi moja zaidi ya yangu. Nikazipata, nyeusi, zinang'aa, mwenyewe wa kwanza alikuwa mtu wa kujipenda. Nikanunua gamu ya fundi wa viatu. Hiyo unapaka pande zote mbili, unasubiri mpaka ikiguswa isishike kidole, kisha unabandika kwa nguvu, na baada ya hapo hakuna mazungumzo. Mguu wa kulia niliupaka kwa ukarimu. Nilipofika wa kushoto mkebe ukawa umebakiza ya kukwangua kwa kijiti, nikakwangua.

Fundi wa suti alinipima suruali nikiwa nimevaa buti hizo.

Nikizungumzia haya na mjomba, alicheka mpaka akaenda kuleta albamu. Yeye miaka ya 1970 alivaa raizoni, vile viatu vya soli nene, na suruali pana ya kuvifunika nusu. Nikamwona pichani, mrefu, hana wasiwasi. Wazee wetu walibeba urefu wao nje, kila mtu akauona na akaukubali. Hata wafalme: Louis wa XIV wa Ufaransa alivaa visigino virefu vyekundu mbele ya wachoraji, na hakuna aliyemwambia avue. Sijui ni kizazi gani kilichoamua kwamba urefu ni jambo la kufichwa ndani ya soksi.

Siku ikafika. Kanisani nilisimama karibu na dada, na kwa mara ya kwanza nikaona sikio lake badala ya bega. Raha hiyo ilidumu mpaka mahubiri. Kisigino kikiwa juu, uzito wote huhamia kwenye vidole, magoti yanajikunja kidogo bila kuombwa, mgongo nao unajipinda kusawazisha mambo. Vigimbi vilikaza. Nilikuwa nimeelemea mbele kuelekea madhabahu, na shangazi mmoja wa bwana harusi alinitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika, akidhani ni upako.

Kutoka hapo msafara ukaenda City Park, kule Parklands, kupiga picha. Ni mahali pa heshima. Ndipo alipozikwa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, karibu na kaburi la mpigania uhuru Pio Gama Pinto. Ni mahali pa kima vilevile. Watu huwaletea njugu na ndizi, na kima wamezoea mpaka hawaoni tofauti kati ya kilicho mkononi mwako na kilicho chao.

Mpiga picha alituambia turuke juu. Tukaruka. Niliposhuka, kipande cha mguu wa kushoto kilibanduka, jasho lilikuwa limeshughulikia ile gamu ya kukwangua, kikateleza mpaka chini ya unyayo na kusimama upande. Nikachechemea hadi nyuma ya mti, nikaketi kwenye mzizi, nikavua buti, nikakitoa nikikagua. Kilikuwa kimelowa kidogo, kinang'aa. Manjano, nyeupe, manjano, nyeupe.

Sikumwona alikotokea. Niliona mkono mweusi, mdogo, wenye kucha safi, ukishika upande wa pili wa inchi zangu. Tukavutana. Kima akanionyesha meno. Nikaachia, na usinilaumu, nilikuwa na picha za kupiga. Akapanda tawi la kwanza, akanusa. Akanitazama. Akanusa tena, akang'ata pembeni, akatafuna kidogo, uso wake ukabadilika kabisa, lakini hakukitupa. Alipanda nacho juu zaidi, akakikumbatia.

"Kaka," sauti ikasema nyuma yangu, "hiyo ilikuwa yako?"

Alikuwa yule dada, na mpiga picha kando yake, kamera imeelekezwa juu.

"Ni dawa ya kisigino," nikasema.

Akanitazama mguu wenye buti, akatazama wenye soksi, akaelewa. Nilitarajia acheke. Alikasirika. "Yaani kamati imenilazimisha nivae hivi viraba kwa ajili yako, gauni langu limeshonwa kwa viatu virefu linafagia City Park nzima, na kumbe wewe nawe ulikuwa unapanda?" Akainua pindo. Kweli lilikuwa limeokota majani.

Nikajaribu kutoa na cha kulia ili nibaki sawa. Nikavuta kwa vidole, nikavuta kwa ufunguo wa nyumba, dada akanisaidia kwa kuvuta buti huku nikishikilia mti. Ile gamu ya ukarimu ilikuwa kazini. Nikaingia garini mguu mmoja wa futi 5 na inchi 6, mwingine wa futi 5 na inchi 4, na suruali ya kushoto imelala juu ya kiatu na kubaki nyingine ya kukanyagia.

Nje ya hema shangazi yule wa kanisani akaniona nikijikwaa. Akatoa pini kwenye leso yake, akapiga magoti anipandishie suruali. Akapima wa kushoto, akapima wa kulia. Akarudia. Kisha akainua uso, amebadilika sauti.

"Mwanangu, uliumia ukiwa mdogo?"

Nyuma yangu dada alikohoa. Nami, kwa uchovu tu, nikasema, "Ndiyo, shangazi."

Basi shangazi akainuka na pini mdomoni, akaenda kwa mchungaji. Mchungaji akaja, akaniwekea mkono begani, wa pili kwenye goti, na wazee wanne wakasimama kutuzunguka wakiunga mkono. Aliuombea mguu mfupi uchomoze. Nikafumba macho nikiomba langu, kwamba asipapase chini zaidi. Halafu emsii, ambaye naye alikuwa ameshapashwa, akatutangaza: kijana jasiri anayecheza pamoja na yote aliyopitia, mpigieni makofi! Tukaingia tukicheza, mimi nikipanda na kushuka, dada akiwa ameshika gauni kwa mikono miwili na kicheko kwa meno. Watu walisimama. Bibi mmoja alilia.

Mugithi, ile densi ya Wakikuyu ya kushikana viuno kama treni, ndio uliomaliza kazi. Treni ilizunguka hema mara nyingi, mwenye kunishika kiuno akanikanyaga buti ya kulia, na ndani nikasikia kitu kikiachia. Nikakimbilia vyoo vya kukodi vilivyokuwa nyuma ya jikoni, nikakitoa, nikakiweka mfukoni, nikatoka nikitembea sawasawa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Raha niliyoisikia miguuni ilinifanya niruke kidogo.

Shangazi alikuwa kwenye foleni ya choo.

Akatazama miguu yangu. Sahani ya pilau ikamponyoka. "Haleluya!" akapiga kelele, na hema zima likageuka. "Umesawazika!"

"Umesawazika kwa kushuka chini," dada akaninong'oneza, "lakini umesawazika."

Tangu hapo shangazi ananipigia simu nikatoe ushuhuda kanisani kwao. Nimemwambia niko Mombasa kikazi. Mpiga picha naye ananipigia, ana picha safi sana ya kima akiwa amekumbatia kitu cha manjano na nyeupe, na bwana harusi amekataa kuilipia kwa kuwa haimo kwenye mkataba. Huyo nilimtumia kwa M-Pesa siku hiyohiyo, na ya kutolea juu, kabla haijaingia kwenye kundi la kamati.