Kemshafti kubwa kwenye gari la kila siku: nguvu inaongezeka au inahama?

Mtu anayetaka gari lake liongeze kasi bila kubadilisha injini nzima hakawii kufika kwenye kemshafti, ile shafti yenye nundu zinazosukuma valvu za injini zifunguke. Ni chuma kimoja, hakionekani kwa nje, na kinageuza tabia ya injini kuliko vifaa vingi vya bei yake. Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Upande mmoja unasema kiwanda kimeibana injini kwa makusudi, weka kemshafti kubwa, yaani inayoziacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi, uone kazi. Upande wa pili unasema hivyo ni vitu vya mashindano, ukivifunga kwenye gari la kwenda kazini na kurudi utajuta. Ukiwasikiliza vizuri utagundua kila mmoja ana injini yake kichwani: huyu anaizungumzia ikiwa kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika, mwenzake ikiwa kwenye 2,000.

Kemshafti haitengenezi nguvu. Inaamua tu valvu zifunguke lini, ziinuke kiasi gani na zifunge lini. Tukio lenye uzito kuliko yote hapo ni kufunga kwa valvu ya kuingiza hewa. Pistoni ikishafika chini kabisa na kuanza kupanda, valvu hiyo bado iko wazi, hata kwenye injini ya kiwandani. Injini ikizunguka kwa kasi, hewa inayoingia ina mbio zake, inaendelea kujazana kwenye silinda ijapokuwa pistoni imeshageuka. Injini ikizunguka polepole, hewa haina mbio hizo, na pistoni inairudisha ilikotoka. Kemshafti kubwa huchelewesha kufunga huko. Kwa hiyo kinachoinufaisha injini juu ndicho hichohicho kinachoinyima chini, na hakuna fundi anayeweza kukikwepa kwa ustadi wa mikono.

Tuweke hesabu. Chukua injini ambayo pistoni yake husafiri milimita 88, ina fimbo (inayoiunganisha pistoni na krankshafti) ya milimita 140 na kompresheni ya 9 kwa 1, yaani kilichomo kwenye silinda kinabanwa hadi sehemu moja ya tisa. Kwa kemshafti ya wastani inayofunga valvu ya kuingiza digrii 58 za mzunguko wa krankshafti baada ya pistoni kugeuka chini, kompresheni halisi, yaani ile inayoanza kuhesabiwa valvu ikishafunga, ni kama 7.6. Weka kemshafti ya digrii 300, yaani inayoiacha kila valvu wazi kwa digrii 300 za mzunguko huo, inayofunga kwenye digrii 76, na kompresheni halisi inashuka hadi karibu 6.6. Hujagusa pistoni wala silinda hedi, lakini kwa mizunguko ya chini umejitengenezea injini dhaifu. Ukitaka kurudi kwenye 7.6 ukiwa na kemshafti hiyohiyo, lazima kompresheni ya kwenye karatasi ipande hadi kama 10.4, na hiyo maana yake ni pistoni nyingine au kukata silinda hedi. Ndiyo sababu injini za zamani zenye kompresheni ya 8 hivi ndizo zinazoaibika zaidi zikivishwa kemshafti kubwa peke yake.

Jambo la pili ni kipindi ambacho valvu ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi huwa wazi kwa pamoja. Kemshafti ya digrii 260 yenye nundu za kuingiza na za kutoa zilizoachana digrii 112 ina kipindi cha digrii 36. Ile ya digrii 300 yenye nundu zilizoachana 108 ina digrii 84. Kwenye mizunguko ya juu kipindi hicho ni msaada, kwa sababu moshi unaotoka mbio huvuta hewa mpya nyuma yake. Kwenye sailensa, mguu ukiwa haupo kwenye mafuta, moshi unarudi kwenye njia ya hewa, mchanganyiko unachafuka, silinda nyingine zinamisi, na injini inatikisika.

Mtikisiko huo ndio ule mlio wa kukoroma kwa mapigo ambao watu wanaupenda kufa. Tuseme kweli: sehemu kubwa ya kemshafti kubwa zilizofungwa kwenye magari ya barabarani zilinunuliwa kwa ajili ya mlio. Simlaumu mtu kwa hilo, gari ni lake na masikio ni yake. Ila asijidanganye kwamba mlio ule ni dalili ya nguvu. Ni sauti ya injini inayoshindwa kuchoma vizuri.

Madhara yake utayahisi kwenye breki kabla ya kwingine kokote. Injini ya kawaida ya petroli ikiwa kwenye sailensa huvuta vakyumu (mfyonzo wa hewa) ya inchi 18 hadi 21 za zebaki, na busta ya breki, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, inaitegemea hiyo. Kemshafti kubwa inaweza kuishusha hadi 10 au 12. Uko kwenye foleni, unasogea na kusimama, unakanyaga breki mara ya kwanza sawa, ya pili inaanza kuwa ngumu, ya tatu unakanyaga kama ubao. Dawa zipo, kama tangi la akiba ya vakyumu au pampu ya umeme, lakini hizo ni gharama ambazo hukuambiwa siku ya kununua. Injini ya kisasa nayo ina malalamiko yake: kompyuta inayokadiria hewa kwa kusoma presha kwenye njia ya hewa itadhani umekanyaga mafuta wakati umesimama, na sensa ya oksijeni ikinusa hewa isiyoungua itaripoti kuwa mafuta ni machache, kompyuta iyaongeze, plagi ziwe nyeusi. Bila kuandika upya programu ya kompyuta hiyo hutafika mbali.

Hata hivyo upande wa kwanza haukosei wanaposema kiwanda kimeibana injini. Mtengenezaji anauza gari kwa mtu asiyetaka kutikiswa, lazima lipite vipimo vya moshi, litumie mafuta kidogo, livute likiwa limejaa abiria. Kwa hiyo huchagua kemshafti ya kujihami, na kuna nafasi ya kupanda hatua moja bila kupoteza kitu cha kulalamikia. Na watengenezaji wenyewe wamekiri kwa vitendo kwamba mvutano huu upo. Mwaka 1989 Honda ilitoa Integra yenye VTEC: injini ya lita 1.6 yenye nundu za aina mbili kwenye kemshafti moja, za upole kwa mizunguko ya chini na kali kwa mizunguko ya juu, ikatoa nguvu za farasi 160. Kama nundu moja ingetosha kote, nani angehangaika kuchonga mbili?

Kabla ya hapo jibu lilikuwa kuchagua upande na kuvumilia. Chevrolet ilipotoa Camaro Z/28 mwaka 1967, yenye injini ya lita 4.9 na kemshafti kali, iliiuza na gia za mkono tu, na kiyoyozi hakikuruhusiwa hata kwa kulipia. Kiwanda kilijua kitu hiki hakikai na kila kitu, kikamwambia mnunuzi mapema. Wauzaji wa kemshafti wa leo wangeiga adabu hiyo tungebishana kidogo.

Badala yake wanakuonyesha grafu ya mashine ya kupima nguvu. Iangalie inaanzia wapi. Mara nyingi mstari unaanzia mizunguko 3,500, yaani pale kemshafti ilipoamka, na ile sehemu unayoishi wewe imekatwa. Tuseme injini ya lita 2 ilikuwa na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 180 kwenye mizunguko 2,500 na Nm 145 kwenye 6,500. Baada ya kemshafti inakuwa 155 chini na 170 juu. Juu umetoka kilowati 99 hadi 116, na hiyo ndiyo namba itakayoandikwa kwenye tangazo. Chini umetoka 47 hadi 41, na hiyo haiandikwi. Sasa gari lenye tairi la mzunguko wa mita 1.95, difu ya 3.9 na gia ya juu ya 0.85 likiwa kilometa 100 kwa saa, injini yake iko kwenye 2,800 hivi. Mjini ni chini ya hapo. Unaweza kubadilisha difu iwe 4.8, injini ipande hadi karibu 3,500 kwa mwendo uleule, na gari litachangamka kweli; utalipia kwa mafuta na kelele ya safari nzima. Mwenye gia ya otomatiki atahitaji pia konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na gia) inayoachia injini ipande zaidi kabla ya kushika, la sivyo gari litakuwa linasukumana na breki kila ukiweka D.

Namba za kwenye boksi nazo si za kuaminiwa kwa macho. Digrii 280 za muuzaji mmoja si lazima ziwe 280 za mwingine, kwa sababu kila mmoja anaanza kuhesabu pale anapotaka yeye. Linganisha kwa kipimo kimoja tu, ambacho kwa desturi ni tapeti (kipande kinachosukumwa na nundu) ikiwa imeinuka inchi 0.050, sawa na milimita 1.27, hapo namba hushuka, mara nyingi kwa digrii 40 hadi 60. Na kumbuka ujazo wa injini: digrii 230 kwa kipimo hicho ni fujo kwenye lita 2, lakini kwenye lita 7 ni jambo la kuzoeleka, maana silinda kubwa inameza hewa nyingi kwa kila mzunguko. Kwenye injini ya tabo ni hadithi nyingine. Presha ya moshi kati ya injini na tabo mara nyingi huizidi ile ya hewa inayoingia, kwa hiyo kipindi kirefu cha valvu zote kuwa wazi kinarudisha moshi ndani hata kwenye mizunguko ambayo injini isiyo na tabo ingefaidika.

Mimi naegemea upande wa kemshafti ndogo kuliko ile unayoitamani, kwa mtu mwenye gari moja. Kama kuna uroho, uwe kwenye kimo cha valvu kuinuka na si kwenye urefu wa muda. Valvu ikiinuka zaidi kwa muda uleule, hewa inapita zaidi bila kuchelewesha kufunga, na chini hakupwayi. Gharama ya kimo ni nyingine: springi ngumu zaidi, ambazo zisibanane mizingo yake valvu ikiwa juu kabisa, na nafasi kati ya valvu na pistoni. Nafasi hiyo hupimwa, haikisiwi. Fundi makini huweka udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, anafunga silinda hedi, anazungusha injini kwa mkono, anafungua na kuukata udongo aone unene uliobaki. Wengi hawakubali chini ya milimita 2 kwa valvu ya kuingiza na 2.5 kwa ya kutoa moshi.

Mwenye gari jepesi la pili, gia za mkono, kompresheni ya 11, difu fupi na kompyuta inayoandikika, namwambia aende kwenye kubwa bila woga. Kwake zile hasara zimeshalipiwa.

Ukishafunga ya wastani na bado unahisi chini kumelegea, puli ya kemshafti inayorekebishika inakuruhusu kuiwahisha digrii 2 hadi 4. Valvu ya kuingiza itafunga mapema na sehemu ya torki ya chini itarudi, ukiachia kidogo cha juu. Ila kuiwahisha kunaisogeza valvu hiyohiyo karibu na pistoni, kwa hiyo pima upya kwa udongo kabla ya kuwasha.