Michenzani, St. Louis na lawama za magorofa

Juzi nimeangalia dokumentari ya 2011 inaitwa The Pruitt-Igoe Myth, ya Chad Freidrichs, na muda wote naiona Michenzani tu, yale magorofa yetu ya hapa Zanzibar. Pruitt-Igoe ilikuwa magorofa 33 ya serikali huko St. Louis, Marekani, kila jengo ghorofa 11, watu wameanza kuhamia 1954 na ilipofika 1972 yakaanza kulipuliwa. Ile picha ya jengo linaporomoka imezunguka dunia nzima, watu wakahukumu kosa ni la mchoraji wa ramani na magorofa yake.

Filamu inakataa, na inakataa kwa hoja. Inawasikiliza waliokaa mle, kuna mama anasimulia raha aliyoipata siku anahamia, halafu hesabu inakuja: mji ulikuwa na watu zaidi ya laki 8 na nusu 1950, 1970 wamebaki laki 6 na kidogo, wenye uwezo wamehamia nje, na pesa ya matengenezo inategemea kodi ya pango ya masikini waliobaki, sasa bomba likipasuka halitengenezwi, mpangaji anahama, kodi inapungua, na bomba jengine linapasuka. Jengo lina kosa gani hapo?

Nakubali, lakini naona mchoraji kasamehewa mapema mno. Lifti zile zilisimama ghorofa ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10 tu, unakaa ya 6 na watoto na mizigo, shauri yako na ngazi. Hilo sio suala la matengenezo, mtu alikaa mezani akalichora.

Na kwetu ndo vile vile. Karume alipowaleta wataalamu wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi nia ilikuwa njema, watu wa Ng'ambo, ule upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, watoke kwenye nyumba za udongo wapate umeme na maji ya bomba, na wako wazee mpaka leo wanaisimulia siku waliyokabidhiwa ufunguo na macho yanawalenga machozi. Lakini nyumba ya Ng'ambo ilikuwa na baraza, unakaa na kahawa yako unajua nani kapita na mtoto wa nani kaanguka, hilo jumba refu limekunyima. Shangazi yangu anakaa juu kule, maji yakikatika anateremsha ndoo kwa kamba dirishani, kijana anamjazia chini, yeye anavuta, viganja vyake vimeota sugu khasa.

Ila Michenzani bado imejaa watu, Pruitt-Igoe ilivunjwa yote pakaota msitu. Mimi naona ni kwa sababu soko la Darajani liko pale pale, hakuna anayetaka kuhama, na watu wenyewe wameweka mabenchi chini ya majumba wakajirudishia baraza yao. Hapo filamu imeshinda kwangu, kinacholiweka jengo hai ni watu kubaki, sio ramani peke yake.

Kwa hivyo mtu akiniambia tuvunje tujenge ya kisasa namuuliza pampu ikiharibika mwaka wa tano anaitengeneza nani kwa pesa ya nani, na shangazi atakaa wapi jioni na kahawa yake.