Ukuta wa oniksi: fedha huenda kwenye jiwe, kasoro hutoka kwenye taa

Sebuleni mwa Villa Tugendhat mjini Brno, Jamhuri ya Cheki, nyumba aliyoibuni msanifu majengo Mies van der Rohe na kukamilika mwaka 1930, upo ukuta wa oniksi, jiwe linalopitisha mwanga, iliyotoka Moroko. Jua la majira ya baridi linapokaa chini, miale hupenya na jiwe hung'aa wekundu. Leo hoteli na nyumba binafsi hupata mng'ao huo kwa taa za LED nyuma ya jiwe, tena usiku kucha. Je, oniksi inastahili gharama yake?

Kwa uzuri, ndiyo. Shiti za plastiki zenye picha ya jiwe ni nyepesi na nafuu, lakini mistari yake hujirudia na jicho huigundua upesi. Oniksi haina nakala. Ila bamba lenye unene wa milimita 20 lina takribani kilo 54 kwa mita ya mraba, kwa hiyo ukuta mwepesi wa jipsamu hauliwezi bila fremu ya chuma. Bamba jembamba lililogandishwa kwenye kioo hupunguza uzito na hupitisha mwanga zaidi, ingawa kazi ya kulikata inapandisha bei.

Kasoro nyingi huonekana siku taa inapowashwa. Wavu uliobandikwa nyuma ya bamba kuzuia ufa huchora miraba. Gundi ya kijivu hutoa mabaka meusi. Vishikizo vya chuma huacha vivuli. Ndiyo maana bamba hukaguliwa kwa taa nyuma yake pale pale kwenye yadi ya muuzaji, kabla ya kulipa. Mistari ya LED nayo isikae karibu mno na jiwe: ikipangwa kila sentimita 10, acha angalau sentimita 10 hadi kwenye shiti nyeupe ya kusambaza mwanga, na upake ndani ya pengo hilo rangi nyeupe. Bila nafasi hiyo utahesabu taa moja moja. Mwanga wa kelvini 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga), wenye umanjano, huifaa oniksi ya rangi ya asali. Oniksi nyeupe huhitaji karibu 4000.

Kosa la ghali kuliko yote ni kuziba kila upande. Draiva ya LED, kifaa kinachoipa taa umeme unaofaa, itakufa kabla ya jiwe, na bila mlango wa fundi itabidi bamba livunjwe.

Kaunta ya jikoni, hapana. Oniksi hii ni kalsaiti, madini laini, ugumu wake 3 kwa kipimo cha Mohs kinachofika 10: kisu huikwaruza, na tone la ndimu au siki huacha doa lililofifia ambalo sabuni hailiondoi, kwa kuwa ni uso wenyewe ulioliwa. Kwa baa, iweke mbele ya kaunta. Juu weka granaiti.