Kimondo hakikutungoja

Machi hii, asubuhi moja pale Kabwe, jijini Mbeya, ukungu ulishuka hadi mlima Loleza ukapotea wote. Dereva wa bodaboda, viganja vimekumbatia kikombe cha chai ya tangawizi, akauliza: "Kaka, una hakika mlima bado uko?" Mzee mmoja akadakia: "Panda ukajigonge, mwanangu."

Tulicheka, lakini swali ni la zamani. Mwaka 1710 mwanafalsafa George Berkeley, ambaye baadaye alikuwa askofu huko Ireland, aliandika kwamba kuwepo kwa kitu ni kule kutambuliwa na akili. Samuel Johnson, mwandishi Mwingereza, akampinga kwa kupiga teke jiwe, na jibu lake ndilo la mzee wetu. Mimi naona halitoshi. Jiwe gumu, kidole kinachouma, vyote unavipata kwa hisia, na hisia ndizo zinazobishaniwa. Hapo Berkeley hajaguswa.

Kinachonisumbua mimi ni kimondo cha Mbozi. Kiko Ndolezi, mkoani Songwe: pande la chuma lenye urefu wa kama mita 3. Ukikigusa asubuhi kina baridi kama sufuria iliyolala nje, na upande mmoja utaona mahali wataalamu walipokata sampuli. Hakuna simulizi ya mtu aliyekiona kikianguka. Uzito wake wengine husema tani 12, wengine 16. Na ndani yake mlikuwa na madini ya nikeli kabla hajatokea mtu wa kuipima. Kama ni fikra zetu, nani aliitia humo?

Mtetezi wa fikra atasema hata ndoto hutushtua. Kweli. Ila ndoto huirudii kesho na msumeno ukakuta alama za jana.

Berkeley mwenyewe aliliona tatizo hili, akasema vitu vinadumu kwa sababu Mungu havipotezi machoni. Kwa muumini hilo halina ugeni. Lakini vijana wanaomtaja ili kudai dunia ni mawazo *yao* wamemwita shahidi asiye wao: akili aliyoisema haikuwa ya mtu anayesubiri abiria.

Saa nne ukungu ukapanda. Yule dereva hakuutazama hata huo mlima. Alikuwa anabishana na abiria kuhusu nauli ya Mwanjelwa.