Daftari tupu la chekechea

Mzazi mmoja hapa Bagamoyo alimhamisha mwanawe chekechea baada ya muhula mmoja tu. Alimfunulia mwalimu daftari la mtoto: halina kitu. Mtoto wa jirani, kituo kingine, keshafika ba be bi bo bu. "Huyu wangu kila siku ananiambia wamecheza mnada."

Mnada wenyewe nimeuona. Watoto wa miaka minne, wengi wao baba zao wanakwenda baharini, walitaka kuuza samaki. Mwalimu akawaacha, na mchezo ukachukua wiki mbili. Vifuu vikawa samaki aina ya changu, simbi zikawa hela, dalali akapanda juu ya ndoo akinadi. Ulipozuka ugomvi wa nani kapandisha bei, mwalimu hakuamua. Aliwapa chaki na kipande cha ubao, kila bei ikitajwa waitie alama. Mtoto wa yule mzazi aliandika pale 3 yake ya kwanza, imegeuka kinyume. Jioni ubao ukafutwa.

Mzazi hana ujinga wowote. Zipo shule binafsi zinazowafanyia usaili watoto wa darasa la kwanza, na msaili haulizi mambo ya mnada. Isitoshe, mtoto huyu akienda darasa la awali lenye watoto mia, ilhali mwongozo wa elimu ya awali unataka 25 kwa mwalimu mmoja, atatakiwa kukaa kimya na kunakili. Bora azoee mapema, wanasema wazazi.

Azoee nini, hasa? Hapo ndipo ninaposhindwa kukubaliana nao. Mwaka 1967 huko Ypsilanti, Michigan, Marekani, watoto 68 wa familia maskini waligawanywa makundi matatu. Moja lilifundishwa kwa mwalimu kuuliza na mtoto kujibu. Jingine watoto walipanga shughuli zao wenyewe. La tatu lilikuwa chekechea ya michezo. Alama za vipimo vya akili zilipanda kote, karibu sawasawa. Mzazi wa daftari angeishia hapo. Lakini walifuatiliwa hadi umri wa miaka 23, ikaonekana asilimia 47 ya kundi la maswali na majibu waliwahi kuhitaji msaada wa matatizo ya kihisia walipokuwa shuleni. Makundi mengine, asilimia 6.

Najua kasoro zake. Ukigawa 68 kwa tatu, kila kundi halifiki hata hao 25 wetu, na mtafiti mkuu alikuwa miongoni mwa waasisi wa mojawapo ya mbinu zilizoshindanishwa. Lakini hata ukipunguza ile 47 ikawa nusu, pengo bado ni kubwa, na kundi lililobanwa halikupata faida ya akili ambayo tungeweza kusema ndiyo fidia yake.

Ninachowalaumu walimu wa upande huu wa michezo ni ukimya. Kumwambia mzazi "wanajifunza kwa kucheza" hakutoshi kwa mtu anayelipa ada kwa fedha ya dagaa. Mwalimu yule ana simu yenye kamera. Picha ya ubao kabla haujafutwa, na maneno mawili kuhusu ile 3, ingemfikia mzazi kwa WhatsApp jioni ileile.